Mkojo Umekata, Figo Haina Damu: Mwongozo Kamili wa Kushughulikia Matatizo ya Ateri Baada ya Kupandikiza Figo

Kisa hiki kinarudi kila mara, hata maneno hayabadiliki sana: figo iliyopandikizwa ilikuwa inatoa mkojo vizuri, saa chache baadaye mkojo ukakata. Timu ikaongeza maji, ikachoma furosemidi (dawa ya kuongeza mkojo), ikaongeza tena, ikasubiri ultrasaundi ya asubuhi. Asubuhi figo ilikuwa imekufa.

Kosa huanzia kwenye mpangilio wa mawazo. Watu huanza kufikiria mwili kukataa figo, kisha uchovu wa figo iliyokaa muda mrefu kwenye barafu, kisha sumu ya dawa, na ateri, mshipa unaopeleka damu kwenye figo, hukumbukwa mwishoni. Geuza mpangilio huo. Figo ya kuzaliwa nayo ina vijishipa vidogo vya pembeni vinavyoweza kuihurumia kidogo ateri yake ikiziba. Figo iliyopandikizwa haina huruma hiyo, maana damu yake yote hupita kwenye mshono mmoja ulioushona wewe juzi. Ikikosa damu kabisa huku ina joto la mwili, huna zaidi ya saa moja hivi kabla haijaharibika kwa kiasi kisichorudi.

Mwongozo huu ni wa madaktari wanaojifunza upasuaji wa upandikizaji, wauguzi wa thieta (chumba cha upasuaji) na wa chumba cha uangalizi maalumu. Hauchukui nafasi ya mpasuaji mkuu. Unakusaidia umpigie simu mapema, ukiwa na habari zinazofaa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla tatizo halijatokea

Wodini:

- Ripoti ya upasuaji, ikiwa karibu na kitanda na wala si kwenye kabati la ofisi. Ionyeshe figo ilikuwa na ateri ngapi, ziliunganishwa wapi, na kama zilikuja na kipande cha ukuta wa aota (ateri kuu ya mwili) ya mtoaji.
- Kiasi cha mkojo ambacho mgonjwa alikuwa akitoa kwa figo zake za zamani. Utaona sababu katika hatua ya 1.
- Mashine ya ultrasaundi yenye Doppler (kipimo cha mtiririko wa damu kwenye mishipa) na mtu anayeweza kuitumia usiku.
- Damu iliyopimwa na kulinganishwa tayari, angalau chupa mbili.

Thieta:

- Klempu laini (vibanio) za mishipa za saizi tofauti, na vitanzi vya mpira vya kuzungushia mishipa.
- Uzi wa polipropilini 5-0, 6-0 na 7-0.
- Katheta za Fogarty ndogo (mipira myembamba yenye puto nchani) za kuvutia mabonge ya damu.
- Heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda), maji baridi ya kusafishia figo, na barafu tasa iliyopondwa.
- Kifaa cha Doppler cha kushika mkononi, kilicho tasa.
- Mguu mmoja wa mgonjwa uliosafishwa na kuachwa wazi hadi gotini, endapo utahitaji vena ya safena, mshipa wa mguuni unaoweza kutumika kama kiraka au njia mpya ya damu.

Hiyo ya mwisho husahaulika kuliko zote. Kumfunika mgonjwa upya katikati ya kuvuja damu ni adhabu usiyoihitaji.

## Hatua ya 1: Dakika 15 za kwanza mkojo ukikata

Anza na mpira wa mkojo. Usafishe kwa sindano kubwa na maji ya chumvi tasa, taratibu. Bonge dogo la damu ndani ya mpira ni sababu ya kawaida na huondoka kwa dakika mbili. Ukirudi kutiririka, vizuri. Usiporudi, usiendelee kuusafisha kwa nusu saa. Nimewahi kusimama usiku mzima kando ya mgonjwa aliyesafishwa mpira mara nne, kila mmoja wetu akiamini wa tano utafungua, na figo ile hatukuipata tena.

Kisha pima shinikizo la damu. Likiwa chini, lirekebishe huku ukiendelea na uchunguzi. Usisubiri lipande ndipo uitishe Doppler. Gusa mapigo ya paja na ya kifundo cha mguu, miguu yote miwili, na uandike. Tazama bomba la kidonda na uvimbe juu ya kovu.

Onyo la kwanza: bonge kwenye ateri ya figo mpya mara nyingi haliumi. Maumivu makali, uvimbe wa figo na mkojo wa damu huelekeza zaidi kwenye vena (mshipa unaotoa damu kwenye figo) iliyoziba. Mgonjwa aliyetulia kitandani, asiyelalamika, ambaye mkojo wake umekatika ghafla ndiye wa kukutia hofu.

Onyo la pili: mkojo kuendelea kutoka hakuthibitishi kuwa figo mpya iko hai. Mgonjwa aliyekuwa akitoa lita moja kwa siku kabla ya upandikizaji ataendelea kuitoa hata ateri mpya ikiziba. Kwake fuatilia kreatinini (taka ya damu inayopanda figo ikishindwa kazi) na Doppler, wala usiuamini mfuko wa mkojo.

Umefanikiwa ikiwa: ndani ya dakika 15 mpira umethibitishwa kuwa wazi, shinikizo linajulikana, mpasuaji mkuu amepigiwa simu na Doppler iko njiani.

## Hatua ya 2: Soma Doppler kwa maswali matatu

Usiombe "ultrasaundi ya figo" tu. Uliza hivi:

Je, kuna damu inayopita ndani ya figo yenyewe, juu, katikati na chini? Kukosekana kabisa kwa mtiririko ndani ya figo na kwenye ateri kuu ni amri ya kwenda thieta. Kipande kimoja kisicho na damu, mfano ncha ya chini peke yake, kinaashiria tawi dogo lililoziba.

Je, damu kati ya mapigo inakwenda mbele au inarudi nyuma? Ikirudi nyuma, fikiria vena iliyoziba, au figo iliyobanwa na damu au misuli. Hapo pia unarudi thieta, ila unajua unakwenda kufungua nini.

Je, kasi kwenye mshono ikoje? Siku za kwanza kasi hupanda kidogo kwa sababu ya uvimbe, kwa hiyo usikimbilie kuita kila kasi kubwa mbano. Linganisha na kasi ndani ya ateri ya iliaki (ateri ya nyonga ambako figo imeunganishwa), na hakikisha pembe ya kupimia haizidi nyuzi 60, la sivyo tarakimu unazosoma ni za kubuni.

Kama mashaka ya kliniki ni makubwa na mashine haipatikani haraka, nenda thieta bila picha. Kufungua kidonda cha saa chache ukakuta figo nzima ni aibu ndogo. Skani ya CT ya mishipa inafaa kwa mgonjwa aliyetulia mwenye swali gumu. Kwa figo isiyo na damu kabisa, foleni ya CT humaliza muda wote uliokuwa nao.

## Hatua ya 3: Kurudi thieta kwa ajili ya bonge la damu

Chukua ridhaa inayotaja waziwazi kwamba figo inaweza kuondolewa.

Fungua kidonda kilekile na uangalie kabla ya kushika. Rangi ya figo ina habari nyingi. Figo iliyopauka na kulegea imekosa ateri. Iliyovimba, ngumu, ya zambarau, imekosa vena. Iliyobadilika kuwa ya waridi pale tu ulipofungua misuli ilikuwa imebanwa: usiifunge tena kwa nguvu ileile. Funga ngozi peke yake, au weka wavu juu ya figo, au ihamishie ndani ya tumbo ambako kuna nafasi.

Tafuta mkunjo. Figo ya kulia mara nyingi huja na ateri ndefu na vena fupi, na ateri hiyo ndefu hupinda figo inapolazwa mahali pake. Iinue figo kwa mkono. Mapigo yakirudi ukiinua na kupotea ukilaza, umepata jibu. Badilisha mlalo na uishikize kwa nyuzi ukutani, au kata ateri, ifupishe na uishone upya. Kuishikiza peke yake hutosha mkunjo ukiwa mdogo. Ukiwa mkali, fupisha. Nyuzi hulegea, mkunjo hurudi.

Dhibiti mishipa. Zungushia vitanzi ateri ya iliaki juu na chini ya mshono. Mpe mgonjwa heparini kwa makubaliano na mtaalamu wa usingizi. Timu nyingi hutumia takribani vizio 50 kwa kila kilo ya uzito. Kisha weka klempu, kwa upole, mahali pasipo na chokaa iliyoganda ukutani mwa ateri. Bana pia vena ya figo.

Fungua mshono wa ateri. Vuta bonge. Katheta ya Fogarty iingie kwa uangalifu mkubwa ndani ya ateri ya figo, puto likijazwa kidogo sana, kwa kuwa matawi ya ndani huchanika kirahisi. Chunguza utando wa ndani wa ateri kwa lenzi: kipande kilichobanduka, mshono ulioshika ukuta wa pili, au tabaka la mafuta lililoinuliwa na sindano. Bila kupata chanzo, bonge litarudi kabla hujavua glovu.

Safisha figo kwa maji baridi hadi yanayotoka kwenye vena yawe meupe. Fungua tundu kwenye vena ili yatoke nje. Sababu ni ya kufa na kupona: maji ya kuhifadhia ya University of Wisconsin yana potasiamu karibu milimoli 125 kwa lita, zaidi ya mara 20 ya iliyomo kwenye damu. Yakiingia kwa mgonjwa kwa wingi, moyo husimama. Kwa usafishaji wa palepale wengi wetu tunapendelea maji ya Ringer yaliyopozwa na kutiwa heparini.

Maji yakigoma kuingia, yaani figo inakuwa ngumu na hakuna kinachotoka kwenye vena, mabonge yameshuka hadi mishipa midogo na figo hiyo imekwisha. Iondoe. Kuiacha "labda itaamka" humletea mgonjwa homa, maambukizi na upasuaji wa tatu.

Amua: ushone hapohapo au uitoe nje? Tatizo likiwa moja na linaonekana, shona hapohapo. Ateri ikiwa imechanika ndani, au kuna zaidi ya moja, ikate figo, iweke kwenye barafu, irekebishe mezani kwa utulivu kisha uipandikize upya. Hapa wengi hukosea kwa haraka. Figo iliyo kwenye barafu inakupa saa kadhaa. Iliyo tumboni ikiwa na joto inakupa dakika.

Shona upya kwa polipropilini 6-0. Upande wa ateri ya mgonjwa, pitisha sindano kutoka ndani kwenda nje, ili utando wa ndani na chokaa vibanwe ukutani. Ukipitisha kutoka nje kwenda ndani unausukuma utando kuelekea katikati ya ateri, na ndivyo kile kipande kilichobanduka kilivyozaliwa mara ya kwanza.

Umefanikiwa ikiwa: figo inakuwa ya waridi kote, imejaa lakini inabonyea, na Doppler ya mkononi inasikika kwenye lango (mahali mishipa inapoingilia figo) na kwenye ncha zote mbili. Rudia kipimo baada ya kuondoa vishikizo vyote vya kidonda, kisha mara nyingine misuli ikishafungwa. Figo nyingi hupendeza kidonda kikiwa wazi.

## Hatua ya 4: Tawi dogo limeziba

Uamuzi unategemea mahali. Tawi la ncha ya juu lenye kipenyo chini ya milimita 2 linalolisha kipande kidogo laweza kuachwa. Sehemu hiyo itakufa, kovu litabaki, na shinikizo la damu huenda likapanda. Tawi la ncha ya chini ni habari nyingine kabisa, kwani ndilo hulisha ureta, mrija unaoupeleka mkojo kwenye kibofu. Ukiliacha, mkojo utavuja kwenye kidonda siku chache baadaye nawe utaanza kuulaumu mshono wa kibofu.

Liunganishe upya mapema: ama ubavuni mwa ateri kuu ya figo, ama kwa ateri ya chini ya epigastri (iliyo ukutani mwa tumbo) ya mgonjwa mwenyewe, ambayo hulingana nalo kwa ukubwa na iko jirani. Kwa hiyo usiifunge na kuikata bila sababu wakati wa kuingia.

## Hatua ya 5: Kuvuja damu, na mguu uliopoa

Damu nyingi inayovuja siku ya kwanza hutoka kwenye vijitawi vya lango la figo ambavyo havikufungwa mezani, na mara chache kwenye mshono wenyewe. Mapigo yakipanda, hemoglobini ikishuka na maumivu yakihamia mgongoni, fungua. Bonge la damu linaloachwa likae hugandamiza figo na baadaye huwa makao ya vijidudu. Kwenye mshono, ongeza uzi mmojammoja wa 6-0 bila kuvuta. Mishono mikubwa ya hofu ndiyo hugeuka mbano miezi mitatu baadaye.

Mguu wa upande wa figo ukiwa baridi na mapigo ya paja yamepotea, shuku kwanza kwamba klempu imepasua utando wa ndani wa ateri ya iliaki. Angalia figo pia: kama mpasuko uko juu ya mshono, vyote viwili vina njaa. Fungua ateri, kata utando uliobanduka, na ubandike ukingo wake wa chini kwa nyuzi chache zinazofungwa kwa nje ili mkondo wa damu usiuinue tena. Achia damu itoke kidogo kabla ya kufunga fundo la mwisho, isafishe vipande. Hakikisha mapigo ya kifundo cha mguu kabla mgonjwa hajatoka mezani. Mguu uliokosa damu kwa saa kadhaa huhitaji pia kufunguliwa misuli ya chini ya goti, na ni heri kuifungua mapema kuliko kujuta.

## Hatua ya 6: Mbano wa ateri unaojitokeza miezi kadhaa baadaye

Hapa pumua. Sasa una siku, hata wiki, za kupanga.

Mara nyingi hujitokeza kati ya mwezi wa 3 na mwaka wa 2. Shinikizo linagoma dawa tatu, kreatinini inapanda, au inaruka baada ya kuanza dawa za shinikizo za kundi la enalaprili au losartani. Wengine huletwa usiku mapafu yamejaa maji ghafla. Mvumo unaosikika juu ya figo una thamani ndogo peke yake.

Kwenye Doppler tafuta kasi inayozidi takribani sentimita 250 kwa sekunde pale kwenye mbano, na ndani ya figo mawimbi yanayopanda polepole na kwa unyonge. Kabla ya kuilaumu ateri ya figo, gusa mapigo ya paja na uulize kuhusu maumivu ya mguu wakati wa kutembea: ateri ya iliaki iliyoziba juu ya mshono huleta picha hiyohiyo, na tiba yake iko iliaki. Angiografia, yaani picha ya mishipa iliyotiwa dawa ya rangi, ndiyo yenye neno la mwisho, na kwa figo dhaifu gesi ya kaboni dioksidi ikitumika badala yake yaweza kupunguza sana dawa ya rangi inayohitajika.

Tiba ya kwanza kwa wengi ni puto pamoja na stenti (kibomba cha wavu kinachoshikilia ateri wazi) kupitia ateri ya paja. Kisu kibaki kwa hali hizi:

- mbano wa wiki za kwanza, ambapo mshono haujapona na puto laweza kuupasua, na ambapo chanzo huwa ni ufundi;
- mkunjo, kwa kuwa stenti hainyooshi ateri iliyo ndefu kupita kiasi;
- puto lililoshindwa, au mbano mrefu usiofikika.

Ukilazimika kupasua, jua kwamba unaingia kwenye kovu linaloshika kama saruji, na figo inaweza kupotea mikononi mwako. Mwambie mgonjwa hivyo. Mimi huingia kwa mkato wa katikati ya tumbo, nishike iliaki kuu mahali pasipoguswa awali, ndipo nishuke kuelekea kovu. Kisha, kutegemea ulichokuta: kata mbano na uishone upya, panua kwa kiraka cha vena, ruka mbano kwa kipande cha safena, au tumia ateri ya iliaki ya ndani ya mgonjwa ikiwa haina chokaa. Poza figo wakati klempu iko juu.

Umefanikiwa ikiwa: dawa za shinikizo zinapungua na kreatinini inashuka au inatulia ndani ya wiki chache. Picha nzuri ya angiografia isiyobadilisha chochote kwa mgonjwa inamaanisha mbano ule haukuwa tatizo lake.

## Hatua ya 7: Aneurizimu bandia kwenye mshono

Hii ndiyo inayoua. Ukuta wa ateri umetoboka pale kwenye mshono, damu imezuiwa na tishu za jirani tu. Mpaka uthibitishe vingine, ihesabu kuwa ina maambukizi: kuvu wa Candida waliokuja na maji ya kuhifadhia figo, Pseudomonasi, au Stafilokoki. Homa yaweza isiwepo, dawa za kinga zinaificha. Kipimo cha damu cha vijidudu kisichoota kitu hakikuondolei shaka. Maji ya kuhifadhia yakiota kuvu, anza dawa za kuvu na upige picha ya mishipa mapema.

Usifungue kidonda cha zamani kwanza. Ukikigusa bila udhibiti, damu itakuja kwa kasi ya aota. Fuata mpangilio huu:

1. Shika iliaki kuu, au aota, kupitia tumbo upande safi. Mtaalamu wa mishipa akiwepo, puto la kuzuia damu liwe tayari ndani.
2. Shika ateri ya paja kwenye kinena.
3. Ondoa figo. Najua inauma, hasa ikiwa bado inatoa mkojo. Lakini figo inayobaki kwenye ateri iliyooza hulazimisha dawa za kushusha kinga ziendelee, na dawa hizo ndizo zinazolisha kuvu.
4. Kata ukuta wote ulioathirika, pamoja na kila kipande cha ateri ya mtoaji. Peleka tishu maabara kwa bakteria na kuvu.
5. Ukuta uliobaki ukiwa mzuri, ziba kwa kiraka cha vena ya mgonjwa. Usiweke kitu cha bandia kwenye eneo lenye usaha.
6. Ukuta ukiwa mbaya, funga iliaki pande zote mbili na upeleke damu mguuni kwa njia mpya, kwa kawaida kutoka paja la pili. Kama hali inaruhusu, tengeneza njia hiyo kabla ya kuingia kwenye uchafu, na ufunike vidonda vyake.

Stenti yenye kifuniko inaweza kuzuia damu usiku wa leo. Kwenye maambukizi ichukulie kama daraja la kukufikisha thieta mgonjwa akiwa hai. Dawa za kuvu huendelea wiki 6 au zaidi baada ya upasuaji, na picha hurudiwa hata mgonjwa akijisikia mzima.

Uvimbe mdogo ndani ya figo baada ya kuchukuliwa kipande kwa sindano, au ateri na vena zilizounganika humo, ni jambo jepesi zaidi. Mwingi hujifunga wenyewe. Unaokua au unaotoa mkojo wa damu usiokoma hupelekwa kwa wataalamu wa mishipa wauzibe kwa koili kupitia katheta. Kisu hakina kazi hapo.

## Hatua ya 8: Saa 48 baada ya kurekebisha

Mkojo uandikwe kila saa. Doppler ifanyike mgonjwa akifika wodini, asubuhi inayofuata, na wakati wowote mkojo ukipungua bila maelezo. Shinikizo lisishuke, mshono mpya na shinikizo dogo ni mwaliko wa bonge jingine. Aspirini ya dozi ndogo au heparini hutolewa kwa makubaliano ya timu, kwa kupima hatari ya kuvuja.

Bonge likirudi bila kosa la ufundi, peleka vipimo vya magonjwa ya kuganda damu na vya kingamwili dhidi ya mtoaji.

Mwisho, andika ripoti ya ulichokuta na ulichofanya, chora mchoro wa ateri kwa kalamu, na uubandike kwenye faili karibu na kitanda. Mwenzako wa zamu ya usiku atauhitaji saa nane, na atakuwa na dakika 15.